Anayetoka Juu Ndiye Asalimie

Mama yangu, Eliaichi, ana miaka sitini na mitatu, ng'ombe wawili wa maziwa, na kichwa kigumu ambacho sijaona cha kukishinda kuanzia Sanya Juu hadi Moshi mjini. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka. Jua likitoka ameshakamua, ameshapeleka maziwa kituoni na kurudi, na sasa anapanda na mundu wake kwenda ukingo wa msitu kutafuta majani. Mimi ni mwongozaji wa watalii mlimani, huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Nimeona wanaume wenye buti za bei mbaya wakikaa chini na kulia, na kila mara humkumbuka mama akishuka mteremko wa utelezi kwa kandambili, mzigo kichwani, huku akinisema mimi kwenye simu.

Kwa kazi hakuna anayemweza. Lakini kwa miaka tisa mama hakuongea na kaka yake wa pekee, mjomba Ebenezeri, na sababu ilikuwa salamu.

Ngoja nieleze, maana mgeni hawezi kuelewa jambo hili bila kuelezwa. Shikamoo kila mtu anaijua: mdogo humtangulia mkubwa. Ila kwetu kuna sheria nyingine ya zamani kuliko hiyo, ambayo bibi alitufundisha tukiwa hatujui hata kufunga kamba za viatu. Watu wawili wakikutana njiani, anayetoka juu, upande wa kilele cha Kibo, ndiye anayetangulia kumsalimia anayepanda. Baraka hutoka juu kwenye mlima, kwa hiyo aliyetoka huko anazo, na hapaswi kupita nazo kimya. Vijana wengi wameisahau. Mama hajaisahau, wala mjomba.

Sasa mjomba anaishi juu, kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo, migomba yake inakaribia kugusana na msitu. Mama aliolewa chini, barabara hiyo hiyo, mwendo wa dakika ishirini. Kila siku ya soko mjomba alishuka akapita mbele ya geti letu. Mama alikuwa pale anafagia, na hafagii siku nyingine kwa bidii namna ile. Mjomba akifika anatazama mbele. Mama anatazama ufagio. Mjomba anaamini mama ni mdogo wake, kwa hiyo atoe shikamoo. Mama anaamini mjomba anatoka juu, kwa hiyo atangulie. Mchungaji aliwakalisha mara mbili, wakaja wote, wakakaa, wakanywa chai, na hakuna aliyefungua mdomo. Mara ya pili mchungaji alimwambia mjomba kwamba dada yake anadai haki ya anayepanda. Mjomba akamjibu mchungaji, siyo mama: "Mimi natoka nyumbani kwangu. Kihambani siyo Kibo."

Ningecheka kama isingekuwa ile sababu ya mwanzo. Bibi alifariki mwezi wa nne, masika yamepamba moto, mjomba, naye mwongozaji, akiwa mlimani na wageni. Mjomba ndiye mtoto wa kwanza, na udongo wa kwanza kaburini ulikuwa haki yake kuutupa. Tulizika Alhamisi. Yeye alishuka Ijumaa, mkoba bado mgongoni, akakuta kaburi limefunikwa na maua yameanza kunyauka. Hakuna aliyempigia simu. Alimwendea mama, ambaye alikuwa amemuuguza bibi miezi minne na hakuwa amelala siku tatu, akamuuliza, "Nani alisema msinisubiri?"

Mama alikuwa na jibu. Bibi alikuwa amemwachia maneno ya kumwambia mjomba, maneno ya mwisho kabisa, na mama peke yake ndiye aliyekuwa chumbani. Lakini alivyoulizwa kwa sauti ile, mbele za watu, hasira ikampanda. Akamjibu, "Kaulize mlima wako." Mjomba akageuka akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho.

Maneno ya bibi yakabaki kwa mama. Nilimwomba mara mia anipe niyapeleke mimi. "Hayakutumwa kwako," ananijibu. Basi mpelekee mwenyewe, namwambia. "Anisalimie, nitampa." Nilikuwa natoka pale nikitamani kupiga ukuta teke.

Mwaka huu Praygod, mtoto wa mjomba, alijenga Mwanza akaamua kumchukua baba yake. Goti la mjomba lilikuwa limechoka na mkewe alishatangulia mbele za haki. Alikubali. Angefanya safari moja ya mwisho, kuwapeleka wageni wazee wanaopenda ndege na maua hadi uwanda wa Shira, kisha warudi kwa njia ile ile ya msituni. Jumatano wangeanza kushuka, Ijumaa angepanda basi la Mwanza. Jumapili hiyo mama alitoka kanisani moja kwa moja hadi kwangu, bado ana kitenge cha umoja wa akina mama.

"Loveness, nataka kwenda mlimani kwako."

Nilimkumbatia. Miaka kumi na miwili nimemwomba, anasema ng'ombe atamwachia nani. Nilihangaika na kibali, nikaazima jaketi, nikamtafuta Melkior, mpishi wangu wa siku zote, Mkibosho mwenye maneno mengi. Nilimnunulia mama buti, akazitazama, akasema zinafanana na za askari jela. Kumbe furaha yote ile ilikuwa yangu peke yangu.

Jumanne tuliingia msituni kupitia lango la Londorosi. Njia ile wageni wengi hawaipiti, na msimu huo ilikuwa kimya kabisa. Miti mikubwa imevaa ukoko wa kijani hadi kwenye matawi, maji yanadondoka hata mvua ikiwa imekatika, na mbega wanaruka juu huku mikia yao myeupe ikining'inia. Nilimwonyesha mama ua dogo jekundu na njano linaloota kwenye mlima wetu tu. Akasema kwao liliota nyuma ya choo. Alitembea mwendo wake wa kupeleka maziwa, mikono nyuma, na baada ya saa mbili mimi ndiye niliyeomba kupumzika.

Hapo tulipokaa kwenye gogo ndipo aliposema ukweli.

"Kesho saa ngapi tutakutana nao?"

"Kina nani?"

"Mjomba wako. Si anashuka kesho?" Alikuwa anamenya ndizi taratibu. "Nataka nimkute anatoka Kibo. Kibo kabisa. Huku hawezi kuniambia anatoka nyumbani kwake."

Nilimtazama mwanamke huyu aliyenizaa. Amewaacha ng'ombe wake, amevaa buti za askari jela, amepanda mlima akiwa na miaka sitini na mitatu, ili tu asalimiwe kwanza. Nikamuuliza kama asingeweza kupanda dakika ishirini hadi kwa mjomba akamwambia shikamoo, yaishe. Melkior alicheka hadi akashika ubavu. Mama hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Ijumaa anaondoka, Loveness. Nina mzigo wa mama yake kifuani. Unafikiri naupenda?"

Nilimkasirikia na nikamwonea huruma wakati huo huo, na usiniulize ipi ilizidi.

Jumatano asubuhi tuliondoka kambini mapema, tukamwacha Melkior akifunga mahema. Msitu uliisha bila kuaga. Ukipita mti wa mwisho mkubwa unajikuta kwenye vichaka virefu vilivyoota ndevu za kijivu, halafu vichaka vinafika kiunoni, halafu magotini, na hewa inakuwa nyepesi na baridi. Tulivuka kijito chembamba, tukaendelea kupanda. Kisha ukungu ukashuka. Nilikuwa naona buti zangu na mgongo wa mama, basi.

Nilimwambia tusiiache njia, tutakutana nao muda wowote. Akaitikia. Dakika tano baadaye nikageuka, mama hayupo.

Nilimkuta hatua kama hamsini kando ya njia, kwenye bonde dogo, amepiga magoti. Mbele yake kulikuwa na majani. Majani marefu, ya dhahabu chini na kijani juu, yameloa umande, yanaendelea hadi ukungu unapoyameza. Alikuwa anayashika kwa vidole, anayanusa, anayakunja kuona kama yanavunjika.

"Majani yote haya," alisema kwa sauti kubwa, "na hakuna ng'ombe hata mmoja! Nani alipanga hivi? Mimi nagombana na jirani kwa kichaka kimoja, huku yanazeeka bure!"

"Mama, ni hifadhi. Hairuhusiwi hata kukata."

"Sikati. Nasema tu."

Alisema kwa muda mrefu. Alilinganisha na majani ya mtoni, akasema haya ni magumu kidogo lakini ng'ombe mwenye adabu angekula. Nilimwacha. Nilikuwa naona mtu ambaye maisha yake yote ametafuta majani amefika mahali yalipo ya kutosha, na sikuwa na moyo wa kumwondoa. Wakati fulani nilisikia kama sauti za watu upande wa njia, zikapita. Niliita. Ukungu haukunijibu, nikadhani ni upepo.

Hilo lilikuwa kosa langu, na ni kosa la mwongozaji wa mwezi wa kwanza. Tulipofika kambi ya Shira, saa sita kasoro, nilimuuliza askari wa hifadhi habari za mjomba, akashangaa. "Mzee Ebe? Ameshashuka na wageni wake tangu asubuhi. Hamkupishana?"

Nilimtazama mama. Alikuwa amesikia. Akaenda kukaa kwenye jiwe akageuza mgongo. Miaka tisa alisubiri getini, mwisho akaja mlimani kumtegea mtu, na mtu akampita akiwa anasifia majani. Nilienda kukaa karibu naye bila kujua pa kuanzia.

Ndipo ukungu ulipoondoka. Huwa unafanya hivyo kule juu, unaondoka wote kwa mara moja. Uwanda ulifunguka, majani yakimetameta hadi mbali, vijito vyembamba vikipita katikati, na mwisho wake Kibo, karibu kuliko mama alivyowahi kuiona, mawe meusi na barafu ikining'inia kwenye kingo. Nyumbani tunauona mlima kila siku, lakini unauona kama picha ya ukutani. Huku unauinulia shingo.

Mama alisimama. Alivua kofia ya sufu. "Imepungua," alisema. "Mimi nikiwa msichana barafu ilishuka mpaka pale." Akaonyesha kwa kidole. "Nilifikiri itanisubiri."

Melkior alifika, mzigo kichwani, akautua na kunyoosha mgongo. "Mama, kaka yako yuko pale kijitoni," alisema huku akihema. "Wageni wengine wametangulia na msaidizi wake. Yeye amebaki na bibi mmoja wa kizungu, ananiambia mguu wa bibi unauma. Wamekaa muda mrefu."

Kijito kile kilikuwa mwendo wa saa moja hivi, chini. Nilianza kufunga mkoba, maana bado tungemuwahi. Kisha nikaona mama hajasogea. Alikuwa anaitazama njia inayoteremka, halafu Kibo nyuma yake, halafu njia. Nami nikaelewa pamoja naye.

Mjomba alikuwa chini. Mama ndiye aliyekuwa juu, Kibo mgongoni. Akienda kumkuta, yeye ndiye atakayekuwa anatoka mlimani. Ni mdogo, na anatoka juu. Sheria zote mbili zilikuwa zimemgeukia.

Nakiri nilitaka kumsaidia vibaya. Nilimwambia kuna njia ya kuzunguka, tunaweza kutokea chini ya kijito halafu tukapanda kumfuata. Melkior akatingisha kichwa kuunga mkono, mnafiki mkubwa.

Mama alinitazama kana kwamba nimemtukana mtu mbele yake. "Nikudanganye wewe, nimdanganye Ebe, na huyu je?" Akaionyesha Kibo kwa kidevu. Akavaa kofia yake, akaanza kushuka.

Sikuwahi kumwona mama akitembea taratibu hivyo. Mara moja alisimama, nikadhani anaghairi, kumbe alikuwa anafunga kamba ya buti. Nikainama nikamfungia.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya kijito, kofia magotini. Alituona tukiwa bado mbali. Akasimama, goti lile bovu likamsumbua kidogo, akasogea upande wa chini wa njia, akasubiri. Alikuwa amekonda. Mama alishuka hadi hatua tatu mbele yake. Walitazamana. Miaka tisa hawakuwa wametazamana usoni.

"Shikamoo, kaka," mama alisema. "Natoka juu."

"Marahaba, Elia," mjomba alisema. "Marahaba, mdogo wangu."

Mimi nililia wazi wazi, sioni haya kusema. Yule bibi wa kizungu alitutazama, akaona mambo ni ya kifamilia, akanyanyuka akaenda kupiga picha ua upande wa pili wa kijito. Aliruka mawe vizuri kabisa. Mama aliuona mguu huo. "Ndiyo huo unaouma?"

Mjomba alijikuna kisogo. "Nilisikia sauti yako kwenye ukungu. Unagombana na majani. Nikasema, huyo hawezi kuwa mwingine."

"Ukapita!"

"Nilipita, halafu miguu ikakataa. Nikakaa hapa."

"Si ungeniita?"

"Ningekuwa nimetangulia," alisema mjomba, na aliona aibu hata yeye.

Mama alitaka kucheka, lakini kicheko hakikufika. Alikaa kwenye jiwe la mjomba, na mjomba akakaa chini kwenye majani. Mama akamwambia. Sikuwa nimewahi kuyasikia maneno yale, na yalipotoka yalitoka kwa sauti ya bibi, Kiswahili chake cha pole pole.

"Alisema, Ebe asiitwe. Akisikia atashuka mbio, na mvua hii njia inateleza. Sitaki kumwua mwanangu kwa msiba wangu. Nizikeni. Akishuka atanikuta, mimi siendi mahali. Udongo wake aje nao siku yoyote, nitaupokea."

Kijito kilikuwa kinapita. Mjomba aliinamisha kichwa hadi kwenye magoti.

"Mimi ndiye niliyekuzuilia," mama alisema. "Miaka tisa, kaka. Ilikuwa mali yako, nikaishika kwa sababu ya salamu. Nisamehe."

"Hata ulivyonijibu siku ile," mjomba alisema chini kwa chini, "nilijua kuna neno nyuma yake. Ningeweza kurudi kuuliza. Nilikuwa napita getini kwako makusudi. Soko lina njia fupi zaidi ya ile."

Mama hakulijua hilo. Alimshika bega, akabaki amelishika.

Alhamisi jioni tulisimama watatu kwenye kaburi la bibi, chini ya migomba ya mjomba. Mjomba alichota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa, ukatawanyika juu ya sementi na majani makavu. Akachota tena, safari hii akaulaza taratibu. Mama alikuwa amepika kiburu cha ndizi na maharage, tukala kwenye ngazi za nyumba, na kwa mara ya kwanza niliwasikia wakiongea juu ya mama yao kama watu waliolelewa naye pamoja. Alikuwa mkali, kumbe. Mimi nilimjua akiwa ameshapoa.

Ijumaa asubuhi mjomba alishuka na sanduku lake kwenda kupanda basi. Mama alikuwa getini na ufagio, ingawa hapakuwa na kitu cha kufagia. Nilikuwa dirishani nikaona yote. Mjomba alitua sanduku na kusimama. Mama aliuegemeza ufagio ukutani. Wote wawili wakafungua midomo kwa wakati mmoja, mama akisema shikamoo na mjomba akisema habari za asubuhi, natoka juu, na sauti zao zikagongana katikati ya barabara.

Sasa mjomba yuko Mwanza. Hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na wanabishana ni nani aliyetangulia. Mama ananiita niwe shahidi. Nimekataa kuwaambia.